BARUTI NYEUSI, MBADALA WAKE NA RISASI ZA BASTOLA: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WAKAAZI

Mzee anapofariki dunia na sanduku lake likafunguliwa mbele ya warithi, hukutwa humo vitu vya kila namna: hati ya shamba la mikarafuu, kanzu ya melimeli, saa iliyosimama zamani, na mara chache bastola ya kale iliyofungwa katika kitambaa chenye mafuta, pamoja na risasi tano au sita ambazo shaba yake imeota kutu ya kijani. Hati na kanzu zina wenyewe, na kawaida ya kuzigawa inajulikana. Bastola ndiyo huleta maneno. Mmoja atasema ipelekwe polisi. Mwengine atasema ni kumbukumbu ya marehemu na isitoke nyumbani. Na hakosekani kijana wa kusema kuwa risasi za namna ile haziuzwi tena madukani, lakini maganda yake yanaweza kujazwa upya kwa baruti nyengine inayofanana nayo.

Maelezo haya yanahusu hilo neno la mwisho, yaani baruti inayofanana. Ni neno jepesi kulitamka, na waliopoteza vidole au macho kwa ajili yake si wachache duniani. Inafaa watumishi wa Serikali, hususan masheha na maofisa wa wilaya ambao ndio wa mwanzo kuulizwa, wafahamu kwa nini baruti mbili zenye rangi moja si kitu kimoja.

Suala lenyewe haliwahusu wa visiwani peke yao. Katika nyanda za juu za Umatengo, Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, iko Mbuji, penye jiwe kubwa linaloitwa kwa jina la mahali hapo, na ambako wakulima hulima mahindi na maharage katika mashimo ya ngoro yaliyochimbwa kwenye miteremko ya milima. Ukishuka kutoka huko kuelekea magharibi unafika ufukwe wa Ziwa Nyasa: Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, sehemu ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya ya peke yake, Wilaya ya Nyasa. Huko silaha ya urithi kwa kawaida si bastola bali ni gobori, bunduki inayoshindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni, na sababu inayotajwa ya kulihifadhi ni nguruwe mwitu na nyani wanaoharibu mashamba. Hata hivyo gobori la Mbuji na bastola ya sanduku la Unguja zina nasaba moja. Zote mbili ni silaha za zama za baruti nyeusi, na bidhaa ya namna hiyo, kabla ya kufika Nyasa, mara nyingi ilipitia forodhani Unguja.

KILICHOMO NDANI YA RISASI MOJA

Watu husema risasi kwa ujumla, lakini kitu hicho kina sehemu nne. Iko rasasi yenyewe, yaani kichwa kinachoruka. Liko ganda, ambalo aghalabu ni la shaba. Iko fataki, kifuniko kidogo kitakoni mwa ganda, ambacho hupasuka kinapogongwa na kutoa cheche. Na iko baruti, ambayo huungua kwa cheche hiyo na kutoa gesi ya kuisukuma rasasi katika mtutu. Katika gobori mambo ni hayo hayo, ila hakuna ganda: baruti, kizibo na marisau hushindiliwa kimoja baada ya chengine, na fataki huwekwa nje. Katika bunduki za kale zaidi, zile za gumegume, hapakuwa na fataki bali jiwe lililopigwa kwa chuma.

Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo na nyepesi, ambayo Tanzania ni mmoja wa watiaji saini wake, inahesabu kuwa risasi si ile iliyokamilika tu, bali pia ganda, fataki, baruti na kichwa chake, kwa kadiri sehemu hizo zinavyohitaji kibali katika nchi inayohusika. Mtu anayedhani kuwa maganda matupu au kopo la baruti si silaha na kwa hivyo hayana sheria, anajidanganya.

ASILI YA BARUTI NYEUSI

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, makaa na kiberiti. Shura ndiyo inayotoa hewa ya kuunguzia, kwa hivyo baruti huungua hata pasipo hewa ya nje, mathalan ndani ya mtutu uliozibwa. Waliogundua mchanganyiko huo ni Wachina, katika karne ya 9, na inasemekana walikuwa wakitafuta dawa ya kurefusha maisha. Habari zake zilipofika katika nchi za Waislamu, shura iliitwa theluji ya Kichina kwa weupe wake. Mwandishi wa Sham, Hassan al-Rammah, aliyefariki mwaka 1295, aliandika kitabu juu ya upanda farasi na vyombo vya vita ambamo alieleza kwa kirefu namna ya kuitakasa shura. Maana shura chafu huvuta unyevu na kuifanya baruti isiwake. Neno letu baruti limetoka katika Kiarabu, nalo liko vile vile katika Kituruki, Kiajemi na Kihindi.

Kwa muda wa miaka mia sita au zaidi hapakuwa na baruti nyengine ya bunduki duniani. Tabia zake zilijulikana na kila aliyeitumia. Kwanza, moshi. Inapoungua, chini ya nusu ya uzito wake ndiyo inayogeuka gesi. Iliyobaki ni chembe ngumu nyeupe zinazotanda kama wingu au kuganda ndani ya mtutu kama masizi. Pili, masizi hayo hunyonya maji. Katika hali ya hewa ya visiwani au ya ufukwe wa ziwa, bunduki iliyopigwa jioni bila kuoshwa itakuwa na kutu asubuhi. Tatu, na hili ndilo kubwa kwa maelezo haya, huungua kwa mwendo ambao haubadiliki sana hata ikibanwa. Nguvu yake inapanda lakini ina kikomo kinachokisika, na mafundi wa zamani waliweza kutengeneza mitutu ya chuma laini yenye unene wa kuistahamili.

NJIA YA KILWA NA ZIWA NYASA

Misafara iliyotoka Kilwa kwenda Nyasa katika karne ya 19 ilichukua nguo, shanga, bunduki na baruti, na ilirudi na pembe za ndovu na, kwa masikitiko, wanadamu. Wamatengo walikimbilia milimani kujinusuru na mashambulizi ya Wangoni, na kilimo cha ngoro kinachowezesha watu wengi kuishi juu ya mteremko mmoja kinahusishwa na zama hizo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwepo Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa baina ya bunduki 80,000 na 100,000 za kila namna zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia bandari za pwani hii. Nyingi zilikuwa kuukuu, zilizoachwa na majeshi ya Ulaya yaliyopata bunduki mpya, kisha zikanunuliwa kwa bei ya takataka na kuuzwa huku kwa faida.

Mwaka 1890, tarehe 2 Julai, madola yaliyokutana Brussels yalitia saini Mkataba Mkuu wa kupinga biashara ya utumwa. Mkataba huo ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika Afrika yote iliyo baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za bahari kutoka pwani. Unguja, Pemba na Mafia ziliingia katika hukumu hiyo bila ya kutajwa kwa majina, na ofisi ya kimataifa ya kufuatilia vyombo vya baharini ilifunguliwa hapa hapa Unguja. Lakini mkataba uliacha mlango. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida iliyojulikana kama baruti ya biashara, ziliruhusiwa kuuzwa kutoka ghala za serikali, isipokuwa katika sehemu zilizokuwa na uwindaji wa watumwa.

Matokeo yake yanastahili kuangaliwa. Katika miaka ile ile ambapo Ulaya ilikuwa inaiacha baruti nyeusi, Afrika iliwekewa sheria ya kubaki nayo. Wakoloni walisema wanazuia utumwa, na pengine wengine wao walikusudia hivyo. Lakini sheria hiyo pia ilihakikisha kuwa mwenyeji hatakuwa na silaha inayolingana na ya mtawala wake. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilipofika Ungoni, wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobori dhidi ya bunduki za mzinga. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wao walinyongwa Songea, ambako leo ipo Makumbusho ya Majimaji. Miongoni mwa masharti ya kusalimu amri yalikuwa kutoa bunduki, na yaliyobaki yalifichwa. Baadhi ya magobori ya Ruvuma yanayosemwa kuwa ni ya babu yana umri wa kutosha kuwa kweli ni ya zama hizo.

Si wenyeji peke yao waliopata taabu kwa moshi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki lilikuwa na askari takriban 2,500 katika kompania 14, na sehemu kubwa yao walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi za milimita 11 zilizojazwa baruti nyeusi. Hii ilikuwa risasi kamili, yenye ganda la shaba na fataki, lakini kila ilipopigwa wingu jeupe lilipanda na kumwonyesha adui mahali alipojificha mpigaji. Baada ya kushinda mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914 Wajerumani waliokota bunduki za kisasa 455 na risasi 600,000 za Waingereza, na kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, alihesabu ngawira hiyo kuwa ni neema. Katika ufukwe wa Nyasa vita vilikuwa vimeanza miezi mitatu kabla. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilipokuwa juu ya nchi kavu kwa matengenezo, hapo Liuli, ambapo wakati huo paliitwa Sphinxhafen. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kuwa vita vimetangazwa, na nahodha wa Kiingereza aliyempiga mzinga alikuwa rafiki yake wa siku nyingi.

Funzo la risasi zilizoharibika nalo limo katika vita hivyo. Mwezi wa Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyobeba silaha, ilishambuliwa na kuzama katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimeingia maji ya bahari. Zilifunguliwa moja moja, baruti ikasafishwa na kuanikwa, na bado sehemu yake zilikataa kuwaka. Kazi hiyo ilifanywa na jeshi, chini ya mafundi, kwa dhiki ya vita. Mtu anayekusudia kuifanya peke yake chumbani, kwa kisu na kibakuli, afikirie tofauti hiyo.

BARUTI ISIYO NA MOSHI

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti mpya kutokana na pamba iliyopitishwa katika tindikali. Miaka miwili baadaye Ufaransa ilitoa bunduki ya Lebel ya kuitumia; Nobel alifuata na baruti yake mwaka 1887, na Waingereza wakatoa kodaiti mwaka 1889. Baruti hizi karibu zote hugeuka gesi. Moshi wake ni mdogo, masizi yake ni kidogo, na nguvu yake kwa uzito ule ule ni maradufu na zaidi.

Tofauti iliyo muhimu kwa usalama haionekani kwa macho. Baruti isiyo na moshi hubadilisha mwendo wake wa kuungua kwa kadiri inavyobanwa. Ikiwashwa juu ya sahani huungua taratibu kama karatasi, na wapo waliodanganyika kwa jaribio hilo. Ndani ya mtutu uliozibwa, kadiri gesi inavyobana ndivyo baruti inavyozidi kuungua, na kadiri inavyoungua ndivyo inavyozidi kubana. Ikiwekwa katika gobori kwa kipimo kile kile cha baruti nyeusi, mtutu hauna muda wa kustahamili. Hupasuka penye kitako, yaani karibu na uso na mkono wa kushoto wa mpigaji. Magobori mengi yanayokamatwa hayakutoka hata kiwandani. Mitutu yake ni mabomba ya maji au vyuma vya usukani wa gari, ambavyo havikupimwa kwa baruti yoyote.

Bastola za mzunguko za zamani ziko katika hatari hiyo hiyo, na pengine zaidi, kwa sababu zinaonekana madhubuti. Colt ya mwaka 1873, inayofahamika kwa filamu za Kimarekani, iliundwa kwa baruti nyeusi, na kiwanda chenyewe hakikutoa dhamana ya kuitumia kwa baruti isiyo na moshi hadi mwaka 1900. Bastola ya Webley iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1887 ilianza na risasi za baruti nyeusi, na kodaiti ilikuja katika muongo uliofuata. Bastola ya mzunguko ya jeshi la Ujerumani ya mwaka 1879, ya milimita 10.6, nayo ilikuwa ya baruti nyeusi, mpaka nafasi yake ikachukuliwa na Luger mwaka 1908. Hizi ndizo aina ambazo zingeweza kuachwa na maofisa, walowezi na matajiri wa pwani hii. Anayezirithi hawezi kujua kwa kuziangalia tu ziliundwa kwa baruti gani.

Liko jambo jengine linalowahadaa watu. Ganda la risasi ya bastola ya kale ni kubwa, kwa sababu lilifanywa lijae baruti nyeusi hadi juu. Baruti isiyo na moshi inayotosha kwa rasasi ile ile hujaza sehemu ndogo tu ya ganda hilo. Anayepima kwa jicho huona nafasi imebaki, na huijaza. Nafasi hiyo inaweza kuchukua vipimo viwili au vitatu vya kuua bastola pamoja na mwenyewe.

MBADALA WA BARUTI NYEUSI

Kuna aina ya tatu, nayo ndiyo inayoleta mkanganyiko wa siku hizi. Huko Marekani wapo wapenzi wengi wa bunduki na bastola za kizamani. Baruti nyeusi ya asili huwaka kwa urahisi mno, kwa cheche ndogo au msuguano, na kwa sababu hiyo sheria za nchi nyingi huitia katika daraja la vilipuzi vya hatari na kuwalazimisha wauzaji kuwa na ghala maalumu. Katika muongo wa 1970 alitokea Mmarekani Dan Pawlak akatengeneza mbadala ulioitwa Pyrodex, unaohitaji joto kubwa zaidi kuwaka, na hivyo kuwa salama zaidi kuhifadhi na kusafirisha. Mwezi wa Januari 1977 kiwanda chake katika jimbo la Washington kilishika moto na kulipuka, naye akafa pamoja na wafanyakazi wake watatu. Kazi iliendelezwa na kampuni ya Hodgdon. Baadaye ilitoka Triple Seven, isiyo na kiberiti, na nyenginezo.

Bidhaa hizi hutoa moshi na hufanya kazi kwa nguvu iliyo karibu na ya baruti nyeusi, na kwa hivyo huko kwao hutumiwa pia na wanaojaza risasi za bastola za kale kwa mashindano. Lakini neno mbadala lisifahamike kuwa ni kitu kile kile kwa jina jengine. Pyrodex ni nyepesi: ujazo uleule una uzito pungufu kwa robo hadi theluthi. Kwa sababu hiyo watengenezaji wake wanataka ipimwe kwa ujazo, si kwa mizani. Mtu akiipima kwa mizani kwa hesabu ya baruti nyeusi, atakuwa ameongeza kipimo bila ya kujua. Triple Seven ina nguvu zaidi hata kwa ujazo uleule, na watengenezaji wake wanaagiza ipunguzwe. Tena zipo zisizotakiwa kushindiliwa sana ndani ya ganda, ilhali baruti nyeusi haitakiwi kuachiwa nafasi ya hewa. Kila moja ina kanuni zake, zimeandikwa juu ya kopo kwa Kiingereza, na kopo lenyewe likishafunguliwa na kugawanywa katika vichupa, maandishi hubaki nyuma.

Sifa ya kwamba mbadala hauleti kutu si ya kuaminiwa moja kwa moja. Pyrodex ina chumvi ya pakloreti, ambayo ikishaungua huacha mabaki ya jamii ya chumvi ya mezani. Kila mwenye baiskeli au paa la bati karibu na bahari anajua chumvi hufanya nini kwa chuma.

Kwa upande wa pili, zipo bastola ambazo baruti nyeusi na mbadala wake haziwezi kuzitumikia hata kidogo. Bastola za kujipakia zenyewe, kama zile za milimita 9 ambazo risasi yake ilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20, zilipangwa tangu mwanzo kwa baruti isiyo na moshi. Ganda lake ni dogo. Baruti nyeusi inayoenea humo haina nguvu ya kurudisha kifuniko nyuma na kupakia risasi inayofuata, na masizi huziba mashine kwa mipigo michache. Rasasi inaweza hata kukwama katikati ya mtutu. Anayepiga ya pili juu ya iliyokwama hupasua silaha.

Yanayotumiwa vijijini badala ya baruti ya dukani ni mabaya kuliko yote hayo. Vichwa vya viberiti, kwa mfano, vina kloreti, ambayo huwaka kwa msuguano. Kushindilia kitu cha namna hiyo kwa mdeki ni kukipiga kiberiti ndani ya ngumi iliyofumbwa. Baruti za kupasulia miamba nazo hazikufanywa zisukume kitu katika mtutu bali zivunje kilichozizunguka, na mtutu ndicho kitu cha kwanza kilichozizunguka.

Risasi za kale, hata zisipofunguliwa, hazipaswi kuachwa sandukuni. Baruti isiyo na moshi huoza kwa miaka, hasa mahali penye joto na unyevu, na inapooza hutoa tindikali na joto. Hali ya fataki ya zamani haijulikani mpaka igongwe. Wakaazi wa Dar es Salaam wanakumbuka milipuko ya maghala ya jeshi ya Mbagala mwezi Aprili 2009 na Gongo la Mboto mwezi Februari 2011, iliyoua raia na kubomoa nyumba. Sanduku la nyumbani si ghala, lakini watoto hulala karibu nalo zaidi.

SHERIA NA UTARATIBU

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, ndiyo iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Chini ya sheria hiyo kumiliki silaha kunahitaji leseni, na kutengeneza silaha au risasi pasipo idhini ni kosa. Kujaza maganda upya ni kutengeneza risasi, hata ikiwa moja, na hata ikiwa kwa silaha yenye leseni. Gobori halikusamehewa kwa uzee wake. Kila mwaka mahakama za bara huhukumu watu kwa kukutwa na gobori lisilo na kibali. Kuwinda nako kuna sheria yake, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, na mkulima wa Mbuji anayesumbuliwa na nguruwe mwitu anatakiwa kupeleka taarifa kwa ofisi ya kijiji ili ofisa wa wanyamapori wa wilaya aitwe. Ni kweli kuwa ofisa huyo huchelewa, na mahindi hayamngojei. Malalamiko hayo ni ya haki na yafikishwe kwa maandishi, maana ofisi isiyoandikiwa haina la kujibu.

Leseni ya silaha ni ya mtu aliyepewa, haimo katika mirathi. Mwenye leseni akifariki, silaha na risasi zake hukabidhiwa polisi, na mrithi anayeitaka huomba leseni yake mwenyewe na kungoja uamuzi. Kadhi au sheha hana uwezo wa kuigawa bastola katika mafungu ya warithi. Linalowezekana ni kuiandika katika orodha ya mali kuwa imekabidhiwa, pamoja na tarehe na kituo.

Watu huogopa kukabidhi kwa kuhofia kuulizwa ilikotoka. Serikali imewahi kutoa msamaha kwa muda maalumu: katika miezi ya Septemba na Oktoba 2023 waliosalimisha kwa hiari silaha wasizozimiliki kihalali waliahidiwa kutoshitakiwa. Nchi jirani ya Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, ilikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1995, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilikuwa likiwapa majembe, baiskeli na vyerehani wale walioleta bunduki. Nje ya muda wa msamaha, anayekuta silaha katika nyumba ya marehemu na kutoa taarifa mara moja yuko katika hali tofauti kabisa na anayekutwa nayo.

Anayekuta bastola, gobori, risasi au kopo la baruti asilifungue, asilisafishe, asilianike juani, wala asilibebe katika daladala kulipeleka kituoni. Akiache kitu hicho mahali kilipo, afunge chumba, awaondoshe watoto, na amwite sheha au mwenyekiti wa kijiji, ambaye atawaita polisi wenye ujuzi waje kukichukua. Apewe hati ya makabidhiano yenye namba ya silaha, ikiwa ipo, na idadi ya risasi, pamoja na maganda matupu.